Aliyechuchumaa Nyuma ya Meja

Ijumaa, 11 Oktoba 2002

Wanawake kumi na mmoja leo, mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Juzi walikuwa saba. Wameketi chini, kila mmoja na picha ya mumewe au mwanawe mapajani. Na picha zote zimetoka kwangu! Cheti cha uraia kinataka uso mzima, masikio yote mawili yaonekane. Tangu nistaafu ualimu, nimewapiga picha hivyo nusu ya watu wa wilaya hii, na sikutupa negativu hata moja. Sasa wanaume hawapo. Masikio yapo.

Nimepiga mkanda mmoja mzima wa kikao chao. Polisi akaniuliza, Mzee, kwani hii ni harusi? Nikamjibu naweka kumbukumbu. Kumbukumbu ya wanawake wanaoota jua, akasema, akacheka peke yake.

Belmati alikuwa mbele. Picha yake ndiyo mbovu kuliko zote — nimeikuza mno, uso wa mumewe Lautan umekuwa chembechembe. Nimemwahidi nyingine, na fremu juu.

Lautan Chaudhari nilimfundisha darasa la nne hadi la saba. Miaka miwili hii alikuwa akiandikisha familia zilizoachiwa kutoka utumwa wa mashambani, zipewe ardhi zilizoahidiwa. Kwa wengine hiyo tu ilitosha kumwita muasi. Wanajeshi walimchukua mwezi wa nne, mundu mkononi, katikati ya ngano. Kambi yao hapa inasema haimjui mtu wa jina hilo. Miezi sita sasa inasema hivyo hivyo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku mbaya. Na kosa ni letu.

Leo ni siku ya vyombo vya kazi. Malori, cherehani, baiskeli, kila kitu kinachomlisha mtu huvishwa maua. Mke wangu, Mama Bimal, kazivisha kamera zote mbili, kaivisha mashine ya kukuzia, kaipaka hata stuli ya wateja rangi nyekundu. Shada moja likabaki. Picha mpya ya Lautan ilikuwa kaunta, ndani ya fremu, imetoka vizuri. Mke wangu akaona itapendeza. Akaivisha.

Belmati akaingia kuichukua.

Picha ya mtu yenye shada la maua! Hakuna mtoto wa nchi hii asiyejua maana yake: mwenye picha amekufa. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu ya mlango. Mmepata habari lini, akauliza. Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza basi limepita saa ngapi.

Mama Bimal akalivuta shada, uzi ukakatika, maua ya manjano chini kote. Mimi nikaanza kueleza. Vyombo, sikukuu, shada lililobaki, kutofikiri kwetu — nikaeleza mpaka akainua kiganja.

"Mwalimu, nyamaza kidogo. Mna habari, au hamna?"

"Hatuna, binti yangu."

Akakaa kwenye stuli yenye rangi mbichi, hakujali. Akasema mama mkwe wake humuuliza kila asubuhi lini atazivunja bangili zake nyekundu, kama afanyavyo mjane. Humjibu, bado. "Leo nilidhani ninyi mmenivunjia."

Kisha akabandua ua moja moja lililonasa kwenye fremu. Hakuacha hata moja.

Jumanne, 15 Oktoba

Sikukuu yenyewe. Sajini Dhanbir alikuja na gari la kambi saa tatu. Mwalimu, Meja anataka picha za tika, mpiga picha wetu yuko likizo. Ningekataaje? Kambi iko hatua mia moja kutoka dirishani kwangu na sikuwahi kuingia tangu ilipokuwa ofisi ya misitu.

Picha thelathini na sita. Meja anawabandika askari wake tika, mchele mwekundu kwenye paji, mmoja mmoja, na anawabariki kwa sauti ya mchungaji wa mbuzi. Mtu wa adabu! Kaniita Guru, mwalimu wa heshima. Kanibandika na mimi, kaniombea maisha marefu. Nikainamisha kichwa.

Wakanifungia mguu wa mbuzi. Mama Bimal hakuuliza umetoka wapi. Ilikuwa nyama laini. Naandika hili nisije nikajidai baadaye kwamba sikuila.

Sajini atakuja Jumatatu saa tano. Anataka picha, na negativu zote. "Zote, Mwalimu. Zina namba, najua."

Jumatano, 16 Oktoba

Namba 22.

Dawa ya kusafishia picha imenimwagikia suruali.

Meja yuko mbele, kidole kwenye paji la askari mrefu. Nyuma yao kuna mlango wa jiko, sufuria kubwa ya kupikia mbuzi imelazwa ubavu, na mtu amechuchumaa anaisugua. Kitambaa cha kufungia macho kimesukumwa juu ya paji ili aone anachokisugua. Ameinua uso. Ananitazama mimi.

Sikumwona! Macho yangu yalikuwa kwenye vidole vya Meja.

Nikachukua kioo cha kukuzia. Ndewe ya sikio la kushoto imepasuka katikati, kama ya Lautan. Nilimpiga mwenyewe picha ya uraia, nikamwambia rudisha nywele nyuma ya sikio hilo, serikali inayataka yote mawili. Akasema, Mwalimu, kwani serikali inataka kujua kama nasikia vizuri?

Amekonda. Yu hai. Jana saa nne asubuhi alikuwa hai.

Alhamisi, 17 Oktoba

Sikulala vizuri, sikula vizuri, nimemfokea mteja aliyetaka picha za pasipoti.

Nijaribu kupanga mambo kama ubaoni. Nikiikata namba 22, wataona pengo kati ya 21 na 23 na watajua nimeona. Nikiwapa mkanda mzima, huenda wasiitazame kabisa, huenda wakaitazama. Nimekwisha kutoa nakala. Nimeiweka picha dirishani kwenye mwanga wa adhuhuri na kuipiga upya kwa kamera ndogo. Nakala hiyo iko ndani ya kitabu cha jiometri.

Sasa nakala nimpe nani? Ikitoka gazetini, kambi haiwezi tena kusema haimjui. Vizuri. Lakini mtu asiyekuwepo kwenye daftari lao anaweza kuondolewa mchana mmoja, na picha ikabaki ya mtu ambaye hapatikani. Na aliyeingia kambini na kamera siku ile ni mmoja tu. Hilo nimeliweka la mwisho, lakini sina hakika ndilo la mwisho moyoni.

Nimetembea kutoka kaunta hadi mlangoni. Mama Bimal anasema nimemchosha hata paka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sarala amekuja kwa pikipiki. Ni wakili wa ofisi ya haki za binadamu ya mjini, binti wa miaka ishirini na saba, kofia ngumu haivui mpaka amalize kuongea. Ndiye anayepeleka picha zangu za kikao makao makuu. Nikamwonyesha namba 22.

Akaishika kama kitu cha moto. Nipe leo, Baba! Keshokutwa iko mezani kwa mabalozi, Jumatano iko magazetini. Nikamweleza hatari ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Akasikiliza mpaka ya pili.

"Baba, wewe bado uko darasani. Unasubiri wanafunzi wote waelewe ndipo upige kengele."

"Na wewe unataka kuipiga kengele wakati hujui nani yuko chini yake."

Mama Bimal akaleta chai. Akaiweka chini kwa kishindo. Mnagombania mume wa mtu, akasema, na mwenyewe hamjamuuliza.

Sarala akavua kofia.

Kweli kabisa. Siku tatu nzima nimekuwa najua kwamba yu hai, naye Belmati hajui! Nilimwambia "hatuna habari", ikawa kweli siku ile, na nikaiacha isimame kwa kuwa sikuwa nimemaliza kufikiri. Ninajua jina la tabia hii kwa watu wengine.

Jumapili, 20 Oktoba

Belmati amekuja asubuhi, kapitia mlango wa nyuma. Sarala alikuwepo. Nilimpa picha na kioo bila kusema neno, na si kazi rahisi kwangu.

Aliitazama muda mrefu sana. Hakulia. Alicheka! Kwa pua tu. Nyumbani hajawahi kugusa sufuria, akasema, na ona anavyosugua.

Halafu akasogeza kioo chini. "Hilo ndilo shati alilotoka nalo. Lile lile. Miezi sita."

Nikamweleza yote. Safari hii hakuninyamazisha, alisikiliza hadi mwisho, huku kidole chake kiko pembeni ya picha, hakigusi uso. Sarala naye akasema yake. Nikamwambia uamuzi ni wake, atakachosema ndicho tutakachofanya.

"Mwalimu, mnanipa nichague kati ya kelele na kimya. Mimi nataka wamwandike kwenye daftari."

Akauliza, mtu akikamatwa kwa haki, mkewe hufanya nini? Sarala akasema hupeleka chakula na nguo, mlinzi huandika, nguo chafu hutolewa. Basi, akasema Belmati, kesho napeleka shati.

Sarala akaruka. Watauliza nani amekuambia yumo! Belmati akasema atajibu kwamba mume wake akiwa na njaa yeye huota. Askari nao wana mama zao, ndoto wanaziogopa. Na wakichukua shati wamekubali, na mlinzi atakuwa amelipokea hadharani mchana kweupe, langoni mbele ya soko, si ndani ya jiko lao. "Hapo ndipo upige picha, Mwalimu. Ile ya jiko dada Sarala akae nayo. Saa nane kama sijarudi na jibu, aipeleke anakotaka."

Nilikuwa na mambo mengine manne ya kumweleza. Nimeyaacha.

Picha na nakala vimeondoka na Sarala kwenye bitana ya kofia.

Jumatatu, 21 Oktoba

Saa tatu na nusu. Nimehamisha kamera yenye lenzi ndefu nyuma ya pazia la dirisha. Nikiona jambo naandika hapo hapo, la sivyo mikono haitulii. Bahasha ya Meja iko kaunta, picha zote na mkanda wote, namba 22 nimeichapa upya, iko mahali pake.

Saa nne kasorobo. Belmati anapita. Hakutazama huku. Shati jeupe limekunjwa, limepigwa pasi, na kikopo cha wali juu yake. Bangili zote mkononi.

Yuko langoni. Mlinzi ni kijana wa milimani, anatikisa kichwa. Anatikisa tena. Mwuza chai wa ng'ambo ameacha kumimina, watu wanageuka. Belmati hapandishi sauti, ananyoosha tu mikono yote miwili na shati juu yake, kama mtu anayetoa sadaka. Mlinzi anatazama nyuma. Anatazama kushoto.

Amelipokea!

Nimepiga mara tano. Shati liko kifuani kwa mlinzi, bunduki iko begani, maandishi ya lango yako juu ya kichwa chake. Mara tano, na angalau mbili zitakuwa kali.

Saa nne na robo. Mlinzi ameingia ndani. Mwingine kakaa mahali pake. Belmati amechuchumaa chini ya ukuta, kichwa kimefunikwa.

Saa nne na nusu. Hakuna kitu. Mama Bimal kampelekea maji, kama mwanamke yeyote anavyompelekea mwenzake maji. Karudi. Anasema Belmati kamuuliza kama picha zimetoka vizuri.

Saa tano kasoro dakika kumi. Najiuliza kama kule ndani sasa wanamtoa Lautan jikoni na kumpeleka kwingine. Najiuliza kama sisi ndio tuliowaonyesha mlango. Nimetoa mkanda kwenye kamera, nimeuweka ndani ya unga. Nimeutoa ndani ya unga. Mama Bimal kaninyang'anya, kauweka mwenyewe, sijui wapi, na hataki kunieleza.

Saa tano. Lango limefunguka. Si yule mlinzi. Ni Sajini Dhanbir, amevaa kofia, ana kitu kwapani kimeviringishwa.

Amesimama mbele ya Belmati. Anaongea. Belmati kainuka, anashika ukuta. Sajini anaelekeza kidole. Huku! Anaelekeza huku, dukani kwangu. Belmati anatikisa kichwa, anatikisa sana.

Sajini kamwacha. Anavuka barabara, lori linampigia honi, hasikii. Belmati anakuja nyuma yake, anakimbia nusu, macho yote kwapani mwa Sajini.

Mama Bimal anasema funga hilo daftari. Naona vizuri zaidi sasa. Shati lililoingia lilikuwa jeupe. Hili si jeupe, ni lile chafu la namba 22 —