Viatu vya Mwalimu

Mapinga, Jumatano mchana. Nasra amelala

Sijui kesho nivae vile viatu au nisivae. Nimewaza tangu asubuhi.

Nilitaka masomo ya nyumbani yawe mepesi. Hadithi kidogo, nyimbo, kuhesabu choroko, kisha akacheze mchangani. Mtoto wa miaka minne, haraka ya nini? Lakini wiki nzima ya kwanza, kila nikisema tukae, Nasra anakimbilia kuku.

Ndipo nikabuni mchezo. Nikivaa viatu vyangu vyeusi vya ofisini, mimi ni mwalimu. Nikivua, mama.

Na mchezo ukakubali! Nikivaa tu anasimama wima, "Shikamoo mwalimu," anakaa mkekani, anahesabu mpaka ishirini bila kuruka. Baba yake akasema, "Si unaona? Endelea hivyohivyo." Basi nikaendelea. Juzi nikaongeza na kipindi cha jioni, maana nilinogewa.

Leo katikati ya somo alitoka kwenda kunywa maji, akajikwaa kizingitini. Goti likachubuka, damu ikatoka. Nikamkimbilia, mikono nimeinyoosha.

Akarudi nyuma. Midomo inamtetemeka, lakini halii. Amesimama wima kabisa, kama nilivyomfundisha.

Nikamwambia, "Njoo mwanangu, nikupulize."

Akatazama miguu yangu. "Mwalimu," akauliza taratibu, "mama anarudi saa ngapi?"

Nikavivua palepale, nikavirusha uani.

Hapo ndipo alipolia.