Kambi Isiyobaki Ramanini

Mzee wangu,

Tangu tukuzike, chumba chetu cha ramani hapa Mpanda kimepata mgeni: kompyuta. Wewe uliyenifundisha kushika kalamu ungeikunjia uso kwanza, halafu ungevuta kiti. Haichori mpaka uiandikie amri, mstari kwa mstari, na ukikosea nukta moja inakununia kama mama mkwe.

Kiangazi hiki wafugaji waliruhusiwa kupiga kambi karibu na mto Ugalla mpaka mvua zianze. Wewe kambi za namna hiyo ulikuwa ukizichora kwa penseli kwenye karatasi nyepesi, unaibana juu ya ramani, mkutano ukiisha unaitoa. "Kinachohama hakipigwi wino," ulikuwa ukisema. Mimi, kwa kiherehere, niliihifadhi kambi ndani ya ramani yenyewe. Mwezi uliofuata nikawachapia wafuga nyuki wa msitu huohuo wa mtoni nakala yao, kambi ikatoka nayo, utadhani kijiji cha kudumu. Kiongozi wao akaniuliza taratibu: "Binti, kwa hiyo msitu wetu mmeshawapa ng'ombe?" Niliona aibu, Mzee. Nilitamani ungekuwepo unigombeze.

Nikaanza kuchokonoa. Hivi mashine inaweza kushika penseli? Siku tatu niliandika na kufuta, mpaka nikapata amri inayochora umbo la kambi wakati wa kuchapa tu. Karatasi inatoka na kambi. Ramani iliyomo ndani haina habari. Nilichapa mara nne nijiridhishe, nikacheka peke yangu.

Juzi nikapeleka karatasi mbili kwenye mkutano wa wafugaji na wafuga nyuki, yenye kambi na isiyo nayo. Wafuga nyuki wakashusha pumzi. Mama mmoja Msukuma, mke wa mfugaji, akaishika ile isiyo na kambi, akaitazama muda mrefu. "Sasa mkitutoa hapa," akasema, "mwanangu niliyemzika pale kambini mtamweka wapi?"

Hili hukunifundisha, au labda hatukuwahi kuulizwa. Niliporudi ofisini nikaweka alama ya kaburi kwenye ramani yenyewe, ndogo, nikaihifadhi.

Sijui kama imekaa mahali pake, nimekisia tu. Nimekukumbuka sana, Mzee. Pumzika. Wiki ijayo nitakwenda Ugalla na huyo mama. Yeye atasimama pale penyewe, nami nitapima.

Mwanafunzi wako,
Milka