Mwaka wa Vuvuzela

Mama Kemi wangu,

Habari za huko. Sisi wazima. Mbuzi amezaa mapacha. Migomba imesimama.

Sijawahi kukuandikia. Unanijua, shule niliacha darasa la nne, na maneno niliyaacha huko huko. Lakini wiki iliyopita mwanao alinibana, nikaongea jioni moja kuliko miaka yote tangu ututoke. Nataka ujue nilichomwambia. Kama nimedanganya mahali, uje uniumbue.

Mwalimu wao wa historia kawapa kazi. Kila mmoja aandike habari za mwaka aliozaliwa, aulize nyumbani. Kemi kaja na daftari. Mimi ndiyo nimerudi kubeba magunia ya kahawa, mgongo unawaka.

"Baba, mwaka niliozaliwa kulikuwa na nini?"

"Jua."

"Baba!"

"Na mvua."

Akafunga daftari. "Ukiulizwa mambo ya mama unajibu kama bodaboda aliyeona abiria mwingine." Halafu akasema jingine, polepole. "Mimi simkumbuki. Hata sauti. Usiponiambia wewe, ataniambia nani?"

Lilinichoma. Alikuwa na miaka mitatu tulipokuzika. Nilidhani kutokukutaja ni kumwonea huruma. Kumbe nilikuwa namficha mama yake.

Nikakaa kwenye gogo la nje. Nikaanza na redio.

Nikamwambia betri zikiisha nguvu ulizianika juani, hapo hapo kwenye mkeka wa kahawa, kisha unazigeuza pamoja na kahawa. Siku moja ukaifungia betri kwenye gunia, mnunuzi akaikuta, akauliza hii aina gani ya kahawa. Nikamwambia nyimbo za vijana wa Dar ulizishika zote, ila maneno huyajui, unatia jina la mbuzi wetu. Habari za mwaka ule mimi sikuzisikia redioni. Nilikuwa nalima kwa watu. Nilizisikia kwako. Ukiniletea chakula shambani, unaniletea na dunia.

Ndio mwaka wa kusajili laini za simu. Ukaenda Kayanga, ukapanga foleni kutwa. Kufika mbele wanakuuliza simu iko wapi. Hatukuwa na simu. Nikakuuliza sasa ulifuata nini? "Nimeona foleni ndefu, nikajua kuna kitu." Kemi alicheka hapo mpaka kalamu ikaanguka.

Na ndio mwaka wa kombe la dunia kule Afrika Kusini. Mwaka wa vuvuzela. Vijana wa hapa Ihanda wakawa wanakata mabua ya mpapai, wanapuliza. Wewe na tumbo lako la miezi minane ukapuliza kuwashinda. Jirani akatoka mbio, anasema ng'ombe wa nani anakufa? Tangu siku ile nikawa nakuita Vuvuzela. Sauti ulikuwa nayo, Mama Kemi. Ukiniita chakula kiko tayari, watu wa kilima cha pili wananawa mikono.

Halafu nikamwambia siku yake.

Nilikuacha Nyakahanga wodini jioni, nikarudi kufunga mbuzi. Asubuhi nikaazima baiskeli. Nimefika natoka jasho. Wewe umekaa kitandani, uso umekunja.

"Wametutoa," ukasema.

"Nani?"

"Afrika. Ghana wametolewa. Mtu kashika mpira kwa mkono, mpira unaingia golini! Tukapewa penati. Tukagonga mwamba."

"Na mtoto?"

"Mtoto si huyu? Wa kike. Sasa niambie, penati unagongaje mwamba?"

Mama wa kitanda cha jirani ndiye alikuwa na redio. Yeye amelala, wewe bado una hasira.

Kemi akaacha kuandika. "Kwa hiyo mpira ulikuja kwanza, mimi nikafuata?"

Hapo nikafikiri. Nisingejibu hovyo. Nikamwambia, "Mama yako alikuwa amekushika wakati wote anaongea. Mimi nikanyoosha mikono nikupokee, akasema subiri nimalize. Akamaliza Ghana yote, hakukuachia."

Kemi akainamia daftari. Akaandika hiyo.

Mwisho nikamwambia uchaguzi. Jumamosi ulikuja dukani kwa Athumani, yule ambaye babu yake alitoka Pangani. Mimi nampakulia mizigo. Kemi yuko mgongoni kwako. Ukasema kwa hiyo sauti, "Athumani, kesho Baba Kemi haji kazini. Tunakwenda kupiga kula."

Athumani na Kiswahili chake cha baharini akashika kiuno. "Mama Kemi! Kula kumewakosea nini mpaka mkupige? Sema kura. Kuuu-ra."

Duka zima likacheka. Hata mimi nilicheka, nisamehe. Sisi wa huku r na l tunazichanganya, lakini wewe ulizidi.

Wewe hukuona haya. "Hivyo hivyo ilivyo. Si tunawapigia kula ili waende kula?"

Athumani alicheka akashika meza. Mpaka leo mwaka wa uchaguzi ukifika ananiuliza, Baba Kemi, mnapiga kula lini?

Juzi Kemi karudi na daftari. Mwalimu kasifia. Kasema wengine wameandika vitu vya vitabuni, huyu ameandika mwaka wenyewe. Ila chini, kwenye neno kula, kaweka wino mwekundu. Kura.

Nikasema, "Kosa langu, ningekwambia ulinyooshe."

"Nilijua," akasema. "Nimeliandika makusudi. Nimemwambia mwalimu mama alisema hivyo."

Halafu akasimama pale mlangoni akalisema kwa nguvu, "Kuuu-la!" Mama Kemi, kuku walikimbia. Ile sauti anayosema haijui, anayo yeye. Alikuwa nayo siku zote. Mimi ndiye nilikuwa sisemi chochote cha kumfanya apige kelele.

Sasa kila jioni kuna swali. Mama alipenda nini, mama aligombana na nani. Najibu. Maneno mengine nayakuta njiani. Nimekuwa muongeaji uzeeni, watu wananishangaa. Moyo umetulia.

Redio mpya tumenunua, ya kuchaji kwa jua. Hakuna betri za kuanika. Kombe linakuja tena, na Kemi amesema tutasikiliza mechi zote za timu za Afrika. Wewe uko hapo tu chini ya migomba, hatua ishirini. Tukishinda, utamsikia mwenyewe. Tukitolewa, nitakuja asubuhi. Sitakusalimu kwanza. Nitakwambia hilo, halafu ndiyo habari za mtoto.

Pumzika, Vuvuzela.

Mumeo,
Baba Kemi