Malaria Ambayo Sikuugua

Mwanza,
Jumapili jioni, Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Shikamoo hii nimeiandika nikiwa nimesimama, karatasi juu ya dirisha, maana ulitufundisha kwamba mtu haamkii mkubwa wake akiwa amekaa. Sasa nimekaa. Vipi mguu wa kushoto, bado unakusumbua ukishuka mfongoni kufungulia maji ya mfereji? Na yule ng'ombe mwenye baka usoni, amezaa au bado anatuchezea? Nasikia mvua za vuli zilikuwa chache huko mlimani. Migomba ya upande wa chini isije ikasahauliwa zamu ya maji ikifika. Mimi huku ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nikuandikie.

Najua barua hii hutaisoma mwenyewe. Tangu siku ulipoikalia miwani yako kwenye harusi ya mtoto wa shangazi, ukasema ni kiti ndicho kilicholia, msomaji wako amekuwa mmoja tu: binti yangu Ndeshi, mjukuu wako unayelala naye chumba kimoja. Sasa Elibariki, kijana wa jirani yetu wa ng'ambo ya mfongo, ambaye huja huku kununua dagaa, alifika kwangu wiki iliyopita na mkungu wa ndizi na maneno yako. Ndizi nilizipokea nikicheka. Maneno yakanikalisha chini.

"Bibi anasema barua yako ya mwaka mpya iko juu ya kabati, haijafunguliwa," aliniambia. "Ndeshi amekataa kuisoma. Mama Ndeshi akataka aisome yeye, bibi akakataa. Akasema atasoma yule yule wa siku zote, au ikae hapo mpaka mende waisome."

Nakushukuru, Mama. Mtu mwingine angeona ni ukaidi wa kizee, mimi nimeona umenishikia mlango usifungwe. Nakuomba basi umkalishe Ndeshi jikoni karibu na moto, mke wangu naye awepo, asome hii yote kwa sauti bila kuruka. Ile ya juu ya kabati mtaiwashia moto, haina kitu cha kweli ndani yake. Na kama aliyeshika karatasi hii si Ndeshi, tafadhali aikunje hapa hapa airudishe kwenye bahasha.

Mama, unajua kazi niliyokuwa nikiifanya. Miaka kumi na mitano nilikuwa fundi wa mitambo pale kiwandani Moshi, nikipanda nyumbani kila jioni na mikono yenye grisi, nawe ukinikemea nisiguse ndoo ya maziwa. Kiwanda kilipouzwa tukapunguzwa, na nikaja huku ziwani ambako walisema viwanda vya samaki vinachukua watu. Walinichukua kweli, wakaniweka kwenye mizani. Mwaka wa nne huu nimekaa kwenye kiti cha plastiki getini, samaki wanapimwa, naandika uzito. Wapo sangara wakubwa kama Ndeshi alivyokuwa darasa la pili. Harufu imeingia kwenye nguo, kwenye shuka, mpaka kwenye Biblia uliyonipa. Mchagua jembe si mkulima, na kazi hii ndiyo inayomweka mtoto shuleni, sijasahau. Lakini nyuma ya ukuta ninaoegemea kuna mashine za barafu, Mama. Nazisikia kutwa nzima. Nasikia beringi ikianza kuumwa wiki mbili kabla haijafa, na sina ruhusa ya kwenda kuigusa. Hilo nalo ni njaa ya aina yake.

Sasa nifike kwenye Kipaimara cha Ndeshi.

Mnakumbuka niliahidi. Niliomba likizo tangu Septemba, nikapewa, nikanunua viatu vyeupe vya mtoto na tiketi ya basi la Ijumaa, nifike Jumamosi, Jumapili nisimame nyuma yake atakapopiga magoti madhabahuni. Alhamisi asubuhi mashine kubwa ya barafu ikazima. Fundi wao alikuwa amekwenda Dar. Meneja akaja getini, jambo ambalo halijawahi kutokea, akasimama mbele ya mizani kama naye anataka kupimwa.

"Karani, nasikia wewe ulikuwa fundi huko kwenu."

"Ndiyo, bwana."

"Barafu ikikosekana samaki wote hawa wanaoza. Ukiiwasha ile mashine, nakuhamishia kwenye mitambo."

Nikamwambia nina likizo, kesho nasafiri, mtoto wangu anapata Kipaimara.

"Likizo yako iko pale pale," akasema. "Sikulazimishi. Amua mwenyewe."

Mama, hapo ndipo penyewe. Hakunilazimisha. Ningesema hapana, angeondoka, na mimi ningepanda basi. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza kugeuka. Kisha nikaenda kwenye kibanda cha simu, nikampigia shangazi dukani kwake Himo, nikamwambia awapandishie habari kwamba niko kitandani, malaria imenikamata vibaya, siwezi kusafiri. Nilikohoa hata mara mbili kwenye simu, kana kwamba malaria ni kikohozi. Shangazi akalia, maskini. Nikakata simu nikakimbia, nikavaa ovaroli ya kuazima.

Siku tatu nilikuwa ndani ya mashine ile. Niliweka ncha ya bisibisi kwenye bodi yake na mpini sikioni, kama yule Mhindi mzee wa kiwandani Moshi alivyonifundisha ujanani, nikasikiliza wapi panaumwa. Nilifungua, nikasafisha, nikatengeneza kwa vipande vya mashine nyingine iliyokufa zamani. Vijana wa kiwandani waliokuwa wakiniita Karani wakaanza kuniita Fundi. Elibariki alipita Ijumaa jioni kunisalimia, akanikuta nimejaa grisi mpaka kwenye nyusi, nacheka. Sikumbuki nilicheka nini, ila miaka minne nilikuwa sijacheka namna hiyo.

Mashine ikaunguruma Jumapili saa nne asubuhi.

Saa nne, Mama. Saa ile mchungaji alikuwa akiwawekea watoto mikono. Ndilo jambo ambalo Elibariki halijui na hakuna mtu anayelijua, kwa hiyo nalisema mwenyewe: saa ile sikumkumbuka mwanangu. Watu walipiga makofi, nami nikainua spana juu kama mtu aliyeshinda mpira. Nilimkumbuka mchana, nimeshika kijiko, nikaona viatu vyeupe kwenye mfuko pale kitandani. Chakula nikakiacha.

Kazi ya mitambo sikuipata. Baada ya wiki mbili akaletwa fundi kutoka nje ya nchi, na meneja akaniambia wananishukuru sana, ila kwenye mizani ndiko wanakonitegemea. Likizo nayo ilikuwa imepita. Ndiyo maana Krismasi kila mwenye miguu alipopanda mlimani, mimi nilikuwa getini naandika uzito. Sisemi haya ili mnionee huruma. Hata ningepewa mashine zote za kiwanda hiki, deni langu kwa mtoto lingekuwa lile lile.

Elibariki msimlaumu. Alikaa jikoni kwetu siku ile ya Krismasi, bakuli la mtori mkononi, akasema tu alichokiona: "Baba Ndeshi? Mzima kabisa! Nilimwona wiki ile ile ya Kipaimara, anacheka." Anasema Ndeshi aliweka bakuli lake chini akatoka nje. Ndipo nilipomuuliza kwa nini habari ile ilimkata hivyo, maana nilidhani ni hasira ya mtoto aliyekosa mgeni kwenye sherehe. Akaniangalia kwa mshangao. "Kwani hukuambiwa?" akasema. Kumbe siku ile, mchungaji alipouliza kama kuna mtoto mwenye ombi, Ndeshi peke yake alisimama, kanisa zima likimtazama, akasema, "Baba yangu ni mgonjwa Mwanza, mniombee baba yangu." Na usharika wote ukainamisha vichwa kuniombea malaria ambayo sikuugua.

Mama, nimepigwa na maneno mengi maishani, lakini hilo lilinifukia. Sijalala vizuri tangu siku ile. Naona aibu mbele ya Mungu, naona aibu kwa mke wangu ambaye nilimwacha achinje mbuzi wa sherehe kwa mkono wa baba mdogo, na mbele ya yule mtoto sijui niweke wapi uso.

Nilikumbuka mambo yetu ya nyumbani. Hapa kiwandani wamepanda masale kando ya geti, wenyewe wanadhani ni maua. Juzi nilichuma jani moja, nikalifunga fundo la kuomba msamaha kama ulivyonionyesha, nikalitia ndani ya bahasha hii umpelekee Ndeshi kwa niaba yangu. Mlinzi akanicheka, "Karani, siku hizi unakula maua?" Nikakaa na bahasha ile siku mbili. Kisha nikalitoa.

Nitakueleza kwa nini. Unakumbuka babu yake Elibariki alipotugeuzia maji ya mfongo siku ya zamu yetu, maharage yakakauka? Baba aliapa hatamsemesha mpaka kaburini. Asubuhi moja yule mzee akamtuma ndugu yake na sale lililofungwa fundo. Baba alilitazama, akalipokea kwa mikono miwili, kisha akaenda kukaa mgombani peke yake mpaka jua likashuka. Wewe ukatuambia sisi watoto, "Sale halikataliwi." Ni kweli, na amani ilirudi. Lakini mimi nilikuwa nachungulia, nikaona kwamba baba alisamehe kwa mkono, na moyo ukafuata nyuma yake polepole, sijui ilikuwa baada ya mavuno mangapi. Yeye alikuwa mtu mzima, aliweza. Ndeshi ana miaka kumi na minne. Nikilileta sale, utamwambia lazima apokee, maana ndivyo ulivyotulea. Sitaki alazimishwe, Mama. Mtoto huyu ameshalazimishwa kusimama mbele ya watu kwa ajili ya uongo wangu. Kwa hiyo nakuomba kama mwanao: usimsukume, wala usimtume mama yake amsukume.

Nimepewa ruhusa ya wiki moja Pasaka. Tiketi ninayo, na safari hii hata mashine zote zizime samaki waogelee kurudi ziwani, mimi nitakuwa ndani ya basi. Jumamosi Kuu alasiri nitakuwa nimefika. Kuhusu kazi hii, sitasema nimeiacha, maana ningewadanganya tena. Nitarudi kwenye mizani yangu, na ada ya Ndeshi itaendelea kutoka humo. Ila nimemwambia fundi mmoja wa mashine za kusaga pale Kiboriloni aniulizie kama kuna mahali pa mtu wa mkono kama wangu, nirudi kulala nyumbani kwangu. Ikipatikana nitawaambia, isipopatikana pia nitawaambia.

Nisalimie mke wangu, Mama Ndeshi, ambaye anasikia haya sasa hivi pamoja nawe. Mwambie ana haki ya kuninunia, ila akumbuke nanenepa kwa chapati za hoteli, asichelewe sana kunihurumia. Nisalimie baba mdogo aliyechinja mbuzi mahali pangu, na shangazi wa Himo. Nitapita dukani kwake mwenyewe kumwambia ukweli. Nisalimie mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Huyo naye nitakwenda kwake, maana watu walioinamisha vichwa wanastahili kuambiwa.

Sasa Ndeshi.

Wewe unayesoma. Najua sauti yako imeanza kukauka, kunywa maji kwanza. Mwanangu, baba yako hakuwa mgonjwa. Nilikuwa mzima, nilichagua mashine, na nikadanganya. Ulisimama mbele ya kanisa kwa ajili yangu siku ambayo mimi ndiye niliyepaswa kusimama nyuma yako. Nisamehe. Nimeliandika neno hilo mara moja tu, nisije nikalirudia likachakaa.

Jumamosi ile nikifika sitaingia moja kwa moja. Nitasimama kwenye masale ya mpaka wa kihamba, pale migomba yetu inapoishia, upande wa nje, na sitachuma jani hata moja. Mikono yangu itakuwa mitupu, ila viatu vyeupe, ambavyo naogopa vimeshakuwa vidogo. Ukitaka, utashuka. Usipotaka, nitakwenda kulala kwa baba mdogo, na asubuhi tutaonana kanisani, na sitakulaumu wala leo wala kesho.

Na bibi akikuuliza kwa nini umenyamaza hapa, usimwambie kwamba mwandiko wa baba ni mbaya. Mwambie ukweli.

Mwanao, Mama; na baba yako, Ndeshi,

Anaeli