Mama Mkwe, Mkasi Niliushika Mimi

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, na hata ulipokuwa hai ilinifikia kwa kuzunguka. Nilikuamkia nikitazama ardhi, ukaitikia ukitazama ukuta, na Theresia, binti yako, akatuhakikishia wote wawili kwamba tayari tumesalimiana. Leo nakuandikia nikiwa nimekukodolea macho kwenye picha yako ya kitambulisho, ile Theresia aliyoikuza akaitundika sebuleni. Unisamehe utovu huo wa adabu. Nina utovu mkubwa zaidi wa kukusimulia.

Najionea kinyaa, Mama. Sisemi nina huzuni. Huzuni ina heshima zake, mwenye huzuni huletewa chai na kuambiwa pole. Hiki changu ni kinyaa, kile kinachokupata ukifunua sufuria iliyosahaulika na mboga siku nne. Sasa sufuria yenyewe ni mimi, nami ndiye niliyepewa kazi ya kuifunua.

Kabla sijafika huko, nianze na ile siku ya homa, maana hatukuwahi kuizungumza. Tungeizungumzaje, wakati mimi na wewe hatukuruhusiwa hata kugongana mlangoni? Nilikuwa na miezi mitano tu tangu nimuoe Theresia. Nilikuwa kijana wa Kisukuma kutoka Muze bondeni, nimepanda juu huku Ufipa na ng'ombe wanne wa mahari na koti moja jembamba, sijui baridi, sijui kanisa. Wewe ulimuuliza binti yako swali moja tu kuhusu mimi, naye akanifikishia: "Huyo mwanaume anajua kulala ndani ya nyumba, au analala na mifugo?" Nilikasirika juma zima. Halafu nikakumbuka kwamba kweli nilikuwa nimelala na mifugo tangu nina miaka saba.

Theresia alikuwa amekwenda kwa dada yake aliyejifungua. Homa ikanikuta peke yangu. Nilitapika kitandani, nikatapika sakafuni, na sitasema nilifanya nini kingine, maana bado wewe ni mama mkwe wangu. Mchana nikasikia mlango. Ulikuwa wewe. Uliingia kinyumenyume, Mama! Mgongo mbele, khanga umejifunika kichwa chote, beseni kiunoni, unapapasa sakafu kwa kisigino kama mtu anayevuka mto. Nilitaka kufa, siyo kwa homa, kwa aibu. Nilijivutia blanketi mpaka machoni.

Hukunisemesha. Ukwe ulikukataza, nawe ulikuwa mtu wa kanuni. Ulimsemesha kuku wako mweupe aliyekufuata ndani. "Wewe kuku, mwambie mkwe wangu asogee ukutani nipate kufuta hapa." Nikasogea. "Mwambie uji uko kwenye kikombe cha bluu, aunywe hata kama haupendi." Na kweli sikuupenda. Sasa naweza kusema: uji wako wa ulezi ulikuwa mzito kiasi cha kukandikia nyumba. Nikaunywa wote. Ulifuta matapishi yangu kwa mikono yako siku tatu, huku umenipa mgongo, huku unaimba wimbo wa Mama Maria kwa sauti iliyopinda isiyonyooka hata ubeti mmoja. Hukunambia nisali. Hukunambia Mungu ananipenda. Hata ishara ya msalaba uliifanya ukiwa umegeukia dirisha. Mimi niliona kiwiko tu.

Nilipopona nilimtuma Theresia akuulize kwa nini ulifanya vile, kazi ambayo kwetu hata mama mzazi angeita jirani amsaidie. Jibu lako lilirudi siku hiyohiyo: "Mwambie aje Jumapili aone mwenyewe. Akae benchi la nyuma, la mbele lina msumari." Nikaja. Nikakaa nyuma. Nimekaa kanisani mpaka leo, mwaka wa ishirini na sita huu. Yote uliyowahi kunihubiria ndiyo hayo, na nusu yake yalihusu msumari.

Sasa nifunue sufuria.

Mwezi uliopita kaka yangu Masanja alikuja kukaa kwetu Kizwite. Unamkumbuka, yule mrefu aliyekula mbuzi karibu mzima siku ya harusi yetu. Shoka lilikuwa limemkata mguuni, kidonda kikaoza kabla hajapanda huku. Hospitali walisema kioshwe kila asubuhi kwa majuma mawili bila kukosa siku, ama sivyo watalazimika kukata mguu. Masanja hajabatizwa. Mkononi, juu ya kiwiko, alikuwa na ukanda mwembamba wa ngozi ya ndama. Baba yetu alimfunga kwa mikono yake siku tatu kabla ya kufa, akimkabidhi boma. Mimi nilikuwepo nikiona. Shika hilo, Mama: nilikuwepo, nilijua ukanda ule ni nini.

Na mimi siku hizi ni mwenyekiti wa jumuiya. Ungecheka. Nina kitambulisho chenye kamba ya kuvaa shingoni, nina spika ndogo ya betri, na nina tumbo la mtu anayekalishwa kiti cha mbele. Jumamosi ya kwanza ya Masanja, zamu ya kusali ilikuwa nyumbani kwangu. Walikuja watu kama ishirini. Ningeweza kumwacha kaka yangu apumzike chumbani. Badala yake nilimtoa nje akichechemea, nikamweka katikati ya duara, kama mnada wa ng'ombe, nikawasha spika. Spika, Mama, kwenye ua ambao mtu akipiga chafya jirani anamwitikia!

Nilihubiri kuhusu giza. Masanja alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, mguu ameunyoosha, nzi wanatua kwenye bandeji, ananitazama kama mtu anayesubiri mvua ipite. Kidonda kilinuka. Mama mmoja wa jumuiya akaziba pua, akasema, "Mwenyekiti, hii harufu siyo ya kidonda. Muulize amevaa nini mkononi."

Hapo ningemwambia yule mama, ule siyo hirizi, ni ukumbusho wa baba yetu. Ni maneno machache tu. Lakini watu ishirini walinitazama, na kijana mmoja alikuwa tayari ananirekodi kwa simu yangu mwenyewe, na mimi nikaona jinsi video ile itakavyopendeza kwenye kundi la parokia: mwenyekiti na kaka yake aliyefunguliwa.

Nikaomba mkasi.

Masanja hakuuvuta mkono wake. Angeweza, ana nguvu kuliko mimi hata kwa mguu mmoja. Alisema tu, taratibu, kwa Kisukuma ili wageni wasielewe, "Unajua nani alinifunga huu." Nami nikajibu kwa Kiswahili, kwa spika: "Leo Yesu anakufungua!" Nikakata. Makofi. Nikauchukua ukanda nikautupa kwenye jiko la mkaa ambalo chai ya wageni ilikuwa inachemkia.

Ngozi mbichi ya ndama hata ikikauka miaka mingi, ikigusa moto hurudi kuwa mnyama. Moshi ule uliingia kwenye chai, uliingia kwenye nguo, uko puani mwangu mpaka hivi ninavyoandika. Na watu wakanywa ile chai! Mimi nilikunywa vikombe viwili, na mandazi.

Masanja aliuliza kitu kimoja. "Umemaliza?"

Jumapili, tulipokuwa misa ya kwanza, mimi nikipewa pongezi mlangoni, alichukua kibegi chake akateremka kurudi Muze. Alikuwa ameoshwa kidonda siku nne tu.

Theresia alisubiri nimalize kusoma pongezi za kwenye simu, thelathini na kitu, ndipo akasema. Unajua binti yako hapandishi sauti. "Mama yangu alipoingia kwako ukiwa mgonjwa aliingia kinyumenyume ili asikuaibishe. Wewe kwa kaka yako umeingia na kamera." Akaenda jikoni. Mpaka leo nikimwambia asante kwa chakula ananijibu, "Haya."

Nilifuta ile video, ingawa kufuta kwangu ni sawa na kuchota maji ya ziwa kwa kijiko, ilishasambaa. Niliwaambia wanajumuiya tulichofanya ni uchafu. Wawili walilia. Yule mama wa pua akaniambia shetani ananivunja moyo. Nikamkabidhi spika na kile kitambulisho, nikamwambia ashike yeye. Kisha Jumatano nikapanda gari la Muze.

Nilimkuta kwenye kivuli cha ukuta, joto la kule bondeni likimchoma, mguu juu ya gogo. Shemeji alikuwa machungani na watoto.

"Leo hukuja na kanisa?" akaniuliza.

"Nimekuja peke yangu, kaka."

"Simu?"

"Nimeiacha kwa Theresia."

"Mkasi?"

Nikamwonyesha mikono mitupu. Alistahili kunipiga hilo, na la pili, na la tatu. Nikawasha moto, nikachemsha maji na chumvi, nikapiga magoti, nikafungua bandeji. Mama, nilidhani najua kinyaa. Nilivumilia mpaka bandeji ya mwisho, kisha nikakimbilia nyuma ya nyumba nikatapika kila nilichokuwa nacho. Nikasikia kitu ambacho sikukitegemea: Masanja anacheka. "Mwenyekiti! Huyo Mungu wako alikunyima tumbo?" Nikajifuta mdomo nikarudi nikaosha. Nikatapika tena. Akacheka tena, akaacha ghafla.

"Ule ukanda hautarudi," akasema.

"Hautarudi."

"Basi usiniambie pole kila dakika. Inachosha."

Nikamwomba tupande hospitali. Nilimwambia mguu wake ukikatwa, hautakuwa umepotea kwa shoka, utakuwa umepotea kwa mdomo wangu, na sitaweza kuishi na hilo. Alifikiri mpaka maji yakapoa. Akasema atapanda, ila kwenye nyumba yangu hatalala. Nikakubali. Amepanga chumba kwa mjane mmoja Msukuma, huko huko Kizwite, na kila asubuhi napita kumpeleka kuoshwa, nikimshika bega. Nesi anasema nyama mpya imeanza kutoka pembeni, lakini kidole kidogo hana uhakika nacho. Tunahesabu siku. Njiani hatuongei dini. Tunaongea ng'ombe, na anaongea zaidi yeye.

Ila jana, akiwa amekaa benchi la hospitali, viatu mkononi, aliniuliza bila kunitazama: "Hivi huko kanisani nani alikuingiza? Baba hakukuingiza."

Mama, mdomo ulifunguka wenyewe. Hotuba ilikuwa tayari, yenye utangulizi na hitimisho, ilinijaa kinywani kama mate ya mtu anayetaka kutapika. Nikaufunga mdomo. Nilimwogopa yule mtu wa mkasi, kwamba bado yumo, ananyoosha mkono aombe spika. Nikasema, "Kesho nitakwambia." Akasema, "Sawa," kama mtu aliyeulizwa saa.

Ndiyo maana nimekaa hapa tangu mchana na karatasi hii, nikichambua kipi chako na kipi changu. Kesho asubuhi nitamwambia habari zako. Zako tu, kama zilivyokuwa, bila kuzibandikia kitu mwishoni. Akiuliza, nitajibu alichouliza. Akiniambia nyamaza, Mama, nitanyamaza, na keshokutwa nitapita kumchukua kama kawaida.

Kaa salama huko uliko. Binti yako mzima, anakusalimu. Mwombee kaka yangu, na mimi niombee nyuma yake.

Mkweo,
baba wa wajukuu zako,
Kizwite