Kamera ya Sebuleni na Sahani Iliyorudi Tupu

Bi Wijdan, mshauri wetu mpendwa,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, kwa sababu Baba Ranim ameshanicheka mpaka kikohozi kimempata. Mimi ni mke wa muuza kunafa, ile tamtam ya jibini na shira, hapa mjini Salt, duka liko chini na sisi tunakaa juu yake, na Mungu ametujalia mtoto mmoja tu, Ranim, ambaye alikuwa karibu kuposwa na sasa sijui tena. Mwaka huu mama mkwe wangu, Hajja Fawziya, ameanza kuinuka bila mkongojo na kuanguka, ndipo Baba Ranim akanunua kamera ndogo sokoni akaibandika sebuleni anakoshinda bibi, ili amwone kwa simu akiwa dukani na hata amwambie, "Mama, kaa chini!" kupitia spika yake, na paswedi akaiacha ile ile iliyotoka nayo kiwandani, moja mbili tatu nne, akasema, "Nani ana haja ya kumtazama mama yangu akisinzia?"

Sasa wiki mbili zilizopita wakaja wanawake wa upande wa kijana, yule Mutasim, yaani mama yake na dada yake Dana, nao ni majirani, nyumba yao iko ngazi ishirini tu juu ya yetu, nikawapa kahawa, nikawapa maamuli, vibiskuti vyangu vya tende, nikawapa waifai, maana kwangu mgeni haombi, neno lenyewe la siri liko kwenye fremu ya dhahabu kando ya bakuli la pipi, ahlanwasahlan, yaani karibuni, na ndilo hilo hilo la dukani, wateja wa foleni wanalo, hata dereva wa gari la gesi analo. Walipoaga nikamfungia Mama Mutasim sahani ya maamuli aende nayo, kisha nikakaa hapo hapo sebuleni na dada yangu, aliyekuja kunisaidia kupokea wageni, na wewe Bi Wijdan ni mwanamke, unayajua maongezi ya baada ya wageni. Nikasema, "Umemwona alivyokuwa anaminya mito ya kochi? Utadhani anachagua tikiti maji!" Dada yangu akasema, "Na maamuli amekula sita." Nikamwambia, "Saba, macho yangu yalikuwepo. Huyo atammeza mwanangu na mbegu zake."

Kesho yake sahani ikarudi. Tupu! Imeoshwa, imekaushwa, haina hata chungwa moja, na mimi miaka ishirini nakaa mtaa huu sijarudishiwa sahani tupu, na Dana aliyeileta akasema huku anatazama viatu vyake, "Shangazi, mama anakusalimu, anasema zile saba hazikuwa mbaya ila zilizidi samli." Tangu hapo hakuna anayetaja siku ya wanaume kuja kumwomba rasmi. Ranim amejifungia anakula mkate mkavu na chai, anampenda yule kijana, ameniambia wazi huku analia, "Mama, umeniharibia kwa ajili ya maamuli!" Dada yangu nimemshuku, tumegombana, anaapa hakufungua mdomo. Nimewaza hata jini. Na akili yangu haijatulia, maana hata Jumatano nilikuwa namlalamikia Hajja pale sebuleni kwamba iliki imekwisha na wanaume hata wakija sina kahawa ya kuwapa, Alhamisi asubuhi nikakuta kipakiti cha iliki kimetundikwa kwenye kitasa cha mlango wangu, nadhani muuza viungo alikosea nyumba. Nani aliyepeleka maneno yangu, Bi Wijdan, na posa ya mwanangu nitaiokoaje?

Mama Ranim, Salt

*

Mama Ranim,

Jini mwache, ana kazi zake. Dada yako mwombe radhi leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Maneno yako uliyapeleka mwenyewe, ulipoyasema mbele ya kamera yenye masikio, kwenye mtandao uliouweka kwenye fremu ya dhahabu. Na kufuli lenyewe umeliita ahlan wa sahlan! Mwizi akifika kwako anakaribishwa kabla hajabisha hodi.

Hebu nikueleze. Mgeni akitosheka na kahawa anatikisa kikombe, anakurudishia, anakwenda zake. Waifai hairudishwi. Simu ya Dana iliukumbuka mtandao wako hata baada ya kuaga, na ngazi ishirini si safari. Kamera za namna hiyo zimejaa kwenye nyumba za mji wetu, na mwenye moja ana programu yake simuni. Ikikuta nyingine kwenye mtandao huo huo inauliza tu kama unataka kuifungua, na mtu akijaribu moja mbili tatu nne, anakuona mpaka soksi zako. Ushahidi sina, lakini zile saba zinanitosha.

Baba Ranim aliyecheka mpaka akakohoa, kazi ni yake. Kamera aipe neno jipya, refu, la kwenu peke yenu, na programu yake aisasishe. Kwa kuwa yeye yuko hapo chini dukani, kamera haina sababu ya kufikiwa kutoka nje ya nyumba, hiyo njia aizime. Aihamishie chumbani kwa Hajja, na Hajja mwenyewe aulizwe kama anataka, maana naona hakuna aliyemuuliza. Kisha ruta, kile kisanduku kinachotoa waifai: abadilishe neno la kuingilia kwenye ruta yenyewe na neno la waifai, yote mawili, atazame orodha ya simu zilizomo, na dereva wa gesi tumuage kwa heshima. Simu zenu ziwe na mtandao wao, kamera na televisheni wao. Mashine ya kadi ya dukani isikae pamoja na foleni ya wala kunafa, Mama Ranim, hapo bahati tu ndiyo iliyowalinda. Akishindwa, amwite fundi.

Fremu yako usiitupe. Fungueni mtandao wa wageni, neno lake ndilo uliandike humo, na ulibadilishe kila baada ya sikukuu. Mgeni hataombaomba, na wewe utasengenya kwa amani.

Lakini usiguse waya wowote kabla hujasoma hapa. Muuza viungo gani anatundika mali yake kwenye kitasa cha mtu? Mama Mutasim bado anasikiliza. Anakosea, na mkishakuwa wakwe utamwambia hivyo usoni. Ila Jumatano alikusikia ukisema wanaume wakija huna kahawa, na Alhamisi iliki ikafika. Unakijua kikombe ambacho mzee wa upande wao atakiweka chini bila kukionja, mpaka upande wenu mseme, "Kunywa, ombi lako limekubaliwa." Mwenzako amekuletea iliki ya kikombe hicho. Anataka kinyweke.

Na wewe nimekusoma mara mbili. Kijana hukumtia doa hata moja. Hasira yako yote iko kwenye mito ya kochi, kwa sababu aliyeiminya amekuja kuchukua mtoto wako wa pekee. Unaogopa, dada yangu. Ningekuwa wewe ningeogopa pia.

Basi leo baada ya chakula cha mchana mtoe Ranim chumbani, keti naye kwenye kochi, itazame hiyo kamera useme: "Mama Mutasim, iliki imefika. Nisamehe. Nilisema vile kwa kuwa naogopa nyumba yangu itakuwa kimya." Mwache alie kidogo huko juu, naye ni mama. Halafu chomoa waya, mumeo kazi aianze, na wewe chukua ile sahani tupu, ijaze maamuli, samli kidogo, uzipande ngazi ishirini kwa miguu yako.

Na safari hii akila, tazama pembeni.

Bi Wijdan