Mturu, Siyo Mtoro

Shikamoo Mama. Mlenda uko kwenye chungu. Ndama bado hajanyonya. ~~Nitarudi jioni.~~ Sijui nitarudi lini.

Ulipokuwa kisimani imekuja Landrova na mabwana wawili. Wakauliza, "Yule mtoro wa jeshi yuko wapi?" Baba akacheka. "Mtoro nani? Mimi Mturu, nimepigana Burma mpaka vita ikaisha."

Ni ile barua niliyowaandikia jeshini, Mama. Kwenye cheti cha Baba cha kuachishwa jeshi, mstari wa kabila, karani aliandika Mtoro badala ya Mturu. Niliomba warekebishe, na medali yake iandikwe humo. Nilidhani watajibu kwa posta.

Baba kavaa koti lake la jeshi na medali, ananitania, "Haya karani wangu, naenda kusahihishwa." Bwana mmoja akamwambia abebe na blanketi. Baba akalikunja, wakampakia wakaondoka naye kwenda Singida.

Kusahihisha herufi mbili tu, blanketi la nini?

Cheti amekisahau. Nakikimbiza Singida, waone wenyewe neno liko kwenye kabila. Nikikosa lori nitatembea.

Wakirudi kuuliza barua aliandika nani, usimtaje Baba. Sema ni mimi.

Binti yako,
Theodora